Jinsi ya Kuona Nyangumi, Dubu na Barafuto kwa Mashua ya Tanga, Kusini-Mashariki mwa Alaska

Kila mwaka ikifika Machi maswali huanza kumiminika, na ni yaleyale. Nyangumi wanaonekana mwezi gani? Barafuto, ile mito ya barafu inayoshuka hadi baharini, inafikika kwa chombo kidogo? Dubu hawaogelei wakatufuata? Mbona fulani alikwenda wiki mbili akarudi na picha za mawingu? Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake. Safari hii nayaandika yote mahali pamoja.

Nimezaliwa pwani, nikajifunza bahari kwenye ngalawa na mashua za kwetu. Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa baharia kwenye mashua ya tanga ya mita 11 inayopanda kila kiangazi kutoka Seattle kufuata Inside Passage, ile njia ya maji inayopita baina ya visiwa vya Kanada na Alaska. Mwongozo huu ni wa yule atakayesafiri kwa chombo chake, cha rafiki, au cha kukodi. Anayekwenda kwa meli ya watalii ya ghorofa kumi, mengi humu hayatamhusu.

Jambo moja nilishike tangu mwanzo kwa sababu hatua zote zinalitegemea: wanyama wa kule hawaonwi na anayekimbia. Msimu wangu wa kwanza tulikuwa tunakwenda maili 50 kwa siku, tukaona migongo miwili ya nyangumi kwa mbali. Siku ukungu ulipotuzuia kwenye hori moja tangu asubuhi hadi jioni, tuliona fisimaji, dubu jike na watoto wake wawili, na tai tusioweza kuwahesabu. Hatukuwa tumefanya lolote. Tulikuwa tumetulia tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Muda. Kutoka Seattle hadi Ketchikan, mji wa kwanza wa Alaska, ni zaidi ya maili 600 za baharini. Mashua ya tanga hufanya maili tano au sita kwa saa. Kama una wiki mbili tu, usianzie Seattle. Panda ndege hadi Juneau, Sitka au Petersburg, ukodi chombo hukohuko. Juneau haina barabara inayouunganisha na miji mingine, kwa hiyo ni ndege au feri.

Msimu. Katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Mei mvua kwa kawaida ni chache kuliko Agosti na Septemba, na dubu hushuka ufukweni kula majani mabichi. Juni mwanga ni mrefu ajabu: Juneau, tarehe 21, jua hukaa juu kwa zaidi ya saa 18. Julai na Agosti samaki aina ya samoni hupanda mitoni, dubu huwafuata, na nyangumi huwa wengi. Nikiambiwa nichague, nitachukua wiki mbili za mwisho za Julai.

Hati. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Kanada na ya Marekani, na hiyo ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu hukwama hapa. Ukitoka Seattle unapita Kanada, halafu unaingia Marekani upya kwa Ketchikan, na forodha wanakuhesabu kama mgeni anayewasili.

Kibali cha Glacier Bay, ghuba ya barafuto iliyo hifadhi ya taifa. Kuanzia 1 Juni hadi 31 Agosti, vyombo binafsi vinavyoruhusiwa humo ni 25 tu kwa siku, na kila kimoja kisizidi siku saba. Maombi hufunguliwa siku 60 kabla ya tarehe unayotaka kuingia. Weka alama kwenye kalenda, uombe siku ya kwanza.

Vifaa. Darubini ya 7x50, si zaidi: ya kukuza mara 10 au 12 inafaa nchi kavu, ila chomboni mkono hucheza na picha hucheza nayo. Redio ya VHF, ya kuongea na vyombo vingine na bandari. Kipima kina. Jedwali la maji kujaa na kupwa pamoja na jedwali la mikondo, kwani hivyo ni vitu viwili tofauti. Mnyororo wa nanga usiopungua mita 80. Kidau cha mpira chenye makasia. Dawa ya kufukuza dubu ya kupuliza, kwa watakaoshuka nchi kavu.

Nguo. Sufu ndani, koti na suruali za mvua nje, buti za mpira, glavu jozi mbili. Ketchikan hupata kama milimita 3,800 za mvua kwa mwaka. Pamba ikilowa haikaushiki kule, iache nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku yako kwa maji

Mtu wa pwani ya kwetu somo hili analo tayari: bamvua (maji makubwa) na maji mafu (madogo), kujaa na kupwa. Tofauti ni ukubwa. Mombasa bamvua kubwa ni karibu mita nne, wakati Juneau maji hupishana zaidi ya mita sita. Maji yote hayo hupita kwenye milango myembamba baina ya visiwa, na hapo mkondo unakuwa mto. Seymour Narrows, upande wa Kanada, mkondo hufika maili 15 kwa saa. Palikuwa na mwamba katikati yake, Ripple Rock, uliozamisha vyombo vingi hadi ulipolipuliwa tarehe 5 Aprili 1958. Mwamba umekwenda lakini mkondo uko palepale.

Kwa hiyo kila jioni fungua jedwali la mikondo, tafuta saa ambayo maji yatasimama kwenye mlango wa kesho, halafu rudi nyuma uhesabu saa ya kung'oa nanga. Fika nusu saa mapema ungoje.

Kosa la kawaida ni kudhani maji husimama palepale yanapomaliza kujaa. Kwenye milango mingi si hivyo, tofauti yaweza kuwa saa nzima au zaidi. Ndani ya Endicott Arm, hori refu la Alaska, kuna hori dogo linaloitwa Ford's Terror. Jina linatokana na baharia aitwaye Ford ambaye mwaka 1889 alipiga makasia kuingia maji yalipokuwa yametulia, kisha mkondo ukageuka na kumfungia humo kwa saa sita, maji yakichemka mlangoni. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kulala nangani, na pia hapasamehi aliyekosea hesabu.

2. Chagua sehemu tatu, uziachie siku

Ramani itakutamanisha kila ghuba. Chagua tatu. Kwa mgeni napendekeza hizi:

Frederick Sound, kaskazini ya Petersburg, kwa nyangumi.
Ufukwe wa kisiwa cha Admiralty, kwa dubu. Watlingit, wenyeji wa eneo hili, hukiita kisiwa hicho Kootznoowoo, yaani ngome ya dubu.
Glacier Bay au Endicott Arm, kwa barafuto.

Kila sehemu ipe siku tatu au nne, na siku moja kati ya hizo usiwe na mpango wowote.

3. Weka zamu ya macho

Mmoja ashike usukani, mmoja atazame. Dakika 20, mnabadilishana. Anayetazama asishike simu.

Usiangalie bahari yote kwa pamoja. Anzia omo, yaani mbele ya chombo, upeleke macho taratibu hadi ubavuni, urudi. Tafuta kisichofanana na kingine: mvuke mweupe mbele ya msitu mweusi ni pumzi ya nyangumi. Shakwe wengi wakizunguka mahali pamoja, chini yao kuna samaki, na penye samaki huenda pana mkubwa zaidi. Kitu kama bonge la pamba kileleni mwa mti ni kichwa cha tai mweupe-kichwa, jamaa wa kwazi wetu wa maziwa makuu. Kwenye mwani mrefu, vitu kama magogo mafupi yenye vichwa ni fisimaji wa baharini wamelala chali. Walikuwa wamemalizwa na wafanyabiashara wa ngozi. Walirudishwa kusini-mashariki mwa Alaska miaka ya 1960, na sasa utawakuta makumi kwa makumi, majike wakiwa na watoto juu ya vifua.

Zamu hii ni ya usalama pia. Magogo halisi huelea kila mahali, mengine yamesimama wima majini na ncha tu ndiyo inaonekana. Maboya ya dema za kaa yamejaa kwenye ghuba. Kamba ikijisokota kwenye rafadha, ile panga inayosukuma chombo, siku yako imekwisha. Nyavu za samoni nazo hutandazwa toka ufukweni, hivyo mtafute mwenye nyavu kabla hujapita.

4. Ukimwona nyangumi, punguza mwendo hapohapo

Wengi utakaowaona ni nyangumi-nundu. Wa aina hiyohiyo hupita Watamu, Unguja na Mafia kuanzia Julai, ila wale hutoka kusini ya dunia wakija kuzaa. Hawa wa Alaska huzaa Hawaii majira ya baridi, ambako karibu hawali kitu, kisha husafiri hadi huku kujaza matumbo. Ndiyo maana hutulia sehemu moja siku nyingi, na ndiyo maana kuwasumbua wakiwa wanakula ni kuwanyang'anya chakula cha mwaka.

Sheria ya Marekani kwa maji ya Alaska: usimsogelee nyangumi-nundu chini ya yadi 100, yaani mita 91, na usijiweke njiani mwake ili akufikie yeye. Ndani ya Glacier Bay ni robo maili ya baharini, kama mita 460. Kwa orka (nyangumi-muuaji) wanaoishi upande wa kusini, jimbo la Washington tangu 2025 linataka yadi 1,000, na Kanada nao wana masharti yao, kwa hiyo soma ya mwaka wako kabla ya kuondoka.

Fanya hivi. Shusha mwendo. Fuata mwelekeo wake ubavuni kwa ubavu, kamwe usimkatie mbele wala usimfukuzie mkia. Ukikaribia mpaka wa umbali, tia gia nyutro, lakini injini iache ikinguruma. Watu wa tanga hupenda ukimya, nami naupenda, ila chombo kisicho na sauti nyangumi anaweza asikijue kipo.

Sasa hesabu. Atavuta pumzi mara kadhaa, akizama kidogo kila mara. Akikunja mgongo na kuinua mkia, anakwenda chini, na huenda akakaa huko dakika tano, kumi au zaidi. Angalia saa. Wageni huondoka dakika ya tatu wakisema amekwenda zake.

Ukiona duara la mapovu juu ya maji na shakwe wakipiga kelele juu yake, shika pumzi yako. Nyangumi kadhaa wamezama pamoja. Mmoja wao anapuliza mapovu kuwazungushia heringi, samaki wadogo, ukuta, kisha wote hupanda kwa pamoja katikati midomo wazi. Mara ya kwanza nilipoona, mtu mzima miongoni mwetu alilia, wala hakuna aliyemshangaa. Sauti ya pumzi zao ni kama breki za lori la mizigo zikitoa upepo, na ikiwa upo demani mwao, yaani upande upepo unakoelekea, utasikia pia harufu ya samaki waliooza.

5. Dubu: tazama kutoka majini

Maji yakipwa, dubu hushuka ufukweni kula majani na kupindua mawe kutafuta kaa. Basi chukua jedwali lako: siku ambayo maji yanakupwa alfajiri au jioni ndiyo siku ya dubu. Tia nanga kwenye ghuba yenye nyasi na mdomo wa kijito, kaa sitahani na darubini, ngoja. Kuanzia Julai samoni wakipanda, watafute dubu vijitoni.

Ukitumia kidau, piga makasia na ubaki mbali mita 100 au zaidi. Dubu akiacha kula akakutazama, umeshasogea mno. Rudi nyuma polepole. Na ndiyo, dubu huogelea vizuri, hata kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hatari yenyewe hata hivyo si ya kupandiwa chomboni. Ni mtu kuacha mfuko wa chakula ndani ya kidau ufukweni. Usiache hata ganda la ndizi.

Anayetaka kuwaona kwa karibu na kwa usalama aende Pack Creek, Admiralty, au Anan karibu na Wrangell. Zote zinataka kibali, na Anan kipindi cha vibali ni 5 Julai hadi 25 Agosti. Nafasi huisha miezi kabla.

6. Barafuto: fika asubuhi, kaa mbali

Barafuto ni kama zile za kilele cha Kilimanjaro, ila hizi hushuka hadi baharini na kumeguka. Glacier Bay yenyewe ni maajabu ya aina yake: mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulikuta karibu ghuba nzima imejaa barafu, na mwanamazingira John Muir alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya maili. Unaposafiri siku nzima kwenda ndani, unapita juu ya mahali palipokuwa barafu.

Kabla ya kuingia, ita Bartlett Cove, kituo cha hifadhi, kwa redio, kisha uhudhurie maelezo ya lazima. Hapohapo pana nyumba ya ukoo ya Watlingit wa Huna, Xunaa Shuká Hít, iliyofunguliwa 2016. Itembelee kabla hujaona barafu. Ghuba hii ni kwao, na barafuto ndiyo iliyowahamisha.

Njiani simama South Marble Island kwa simba-bahari na ndege aina ya pafini. Johns Hopkins Inlet hufungwa Mei na Juni kwa ajili ya sili wanaozaa juu ya barafu, usijaribu. Wakati mwingine wowote kaa mbali na sili walio juu ya barafu: mama akiruka majini, mtoto hubaki peke yake.

Mbele ya barafuto, baki mita 800. Vipande haviporomoki kutoka juu peke yake. Vingine humeguka chini ya maji na kuchomoza ghafla mbali na ukuta. Geuza omo kuelekea wimbi litakapokuja, usilipe ubavu. Usiguse siwabarafu kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa imo chini na huweza kupinduka bila onyo. Cha kuogopa zaidi ni vipande vidogo vilivyo wazi kama kioo, ambavyo havionekani hadi vigonge chombo. Ukifika salama, zima muziki usikilize. Maji yote hutatarika kama mafuta kikaangoni: ni hewa ya zamani ikitoka kwenye barafu inayoyeyuka.

Usilale ndani kabisa ya hori la barafuto. Alfajiri ya 10 Agosti 2025 mlima uliporomoka Tracy Arm karibu na barafuto ya South Sawyer na kusukuma tsunami ndani ya hori. Lituya Bay, tarehe 9 Julai 1958, maporomoko yalirusha maji hadi mita 524 juu ya mlima. Soma matangazo ya walinzi wa pwani kabla ya kuingia hori lolote lenye kuta kali.

7. Tia nanga mapema, kwa hesabu ya kujaa

Saa kumi jioni uwe umeshatia. Hesabu ni hii: kina maji yakipwa mita 8, ongeza 6 za kujaa, ongeza 1 ya urefu wa omo, jumla 15. Zidisha kwa 5, toa mnyororo mita 75. Aliyehesabu mita 8 peke yake ataburura nanga usiku wa manane. Kisha pima duara lako: chombo kikizunguka na mita 75, kitagusa nini?

8. Andika na upige picha

Andika saa, mahali, hali ya maji na ulichokiona. Baada ya wiki daftari litakuambia wanyama wa eneo hilo wanafuata maji gani. Kwa nyangumi, picha ya thamani ni ya upande wa chini wa mkia, maana alama zake ni kama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Unaweza kuituma Happywhale, tovuti ambako nyangumi hutambuliwa kwa mikia, na pengine utajibiwa kwamba wako alishaonekana Hawaii. Weka kasi ya kamera 1/1000 au zaidi.

Na kila anayetoka sitahani na kamera avae jaketi okozi na ajifunge mkanda. Maji yale hata kiangazi ni baridi kiasi cha kukukata pumzi mara tu uingiapo, na mikono huacha kutii ndani ya dakika chache. Waogeleaji hodari wa kwetu, nanyi mnaambiwa.

Ukikwama

Hakuna mnyama siku ya tatu. Usihame mbali. Badilisha saa: kama umekuwa ukitazama maji yakijaa, tazama yakipwa. Waulize wavuvi bandarini heringi wako wapi.

Ukungu umefunga. Asubuhi za Agosti ni kawaida, na mara nyingi hufunguka kufikia adhuhuri. Baki nangani. Ukikutwa njiani, punguza mwendo, piga honi ya ukungu, toka kwenye njia ya meli kubwa.

Nyangumi amekuja mwenyewe karibu. Gia nyutro, usigeuke, usikimbie, watu wote wakae. Ngoja apite ndipo uondoke taratibu.

Hakuna upepo. Zoea. Ndani ya milango, kiangazi, upepo ama haupo ama unakujia usoni. Jaza dizeli kila mji, na tanga ulitumie kila unapopata nafasi.

Barafu inakuzingira. Mkondo au upepo umeisukuma nyuma yako. Weka mtu omo na mti mrefu wa kusukumia, mwendo mdogo kabisa, rafadha isizunguke kipande kinapopita nyuma. Usingoje pengo lifunge kabisa ndipo uanze kutoka.

Darubini na lenzi zinafanya ukungu. Umezihamisha ghafla baina ya joto na baridi. Ziache nje chini ya turubai tangu asubuhi, na betri ndizo ziwe mfukoni mwako, karibu na mwili.

Nanga inaburura. Ongeza mnyororo kwanza. Ikiendelea, ing'oe uangalie ncha: mara nyingi ni mwani mkubwa umeivisha kama kofia. Ukate kwa kisu, sogea mahali penye matope, tia upya.